Mgao wa Miavuli

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimepata kazi ya maana! Bosi anataka miavuli mia sita igawiwe maduka yake matano kwa kompyuta, kila duka kulingana na mauzo yake. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Fomula nimejifunza jana, kwenye simu, nikiwa bafuni.

Atakayeuza zaidi wiki hii anakuwa meneja mkuu. Mimi nina duka la stendi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana la sokoni. Akikipata cheo hicho yeye, mama mkwe atanimaliza.

Jumanne, tarehe 5
Jedwali tayari. Duka langu juu kabisa, bosi akifungua anione. Shemeji nimemtupa mstari wa mwisho, ale makombo. Mauzo ya duka, gawanya kwa jumla ya mauzo ya maduka yote, zidisha kwa miavuli. Nikaandika mstari wa kwanza, nikaiburuta fomula hadi chini. Raha iliyoje!

Karani wa hesabu alichungulia. Eti sijaifunga jumla, kila nikishuka mstari duka moja linadondoka kwenye hesabu. Nikamwambia ashughulike na risiti zake.

Jumatano, tarehe 6
Balaa! Kufika mstari wa mwisho, jumla ilibakiwa na duka moja tu. La Shemeji! Mauzo yake yakagawanywa kwa mauzo yake, akapewa miavuli yote mia sita. Na wapakiaji huanza na duka la mwisho, maana mzigo wake ndio unaokaa ndani kabisa ya lori. Walipomaliza wa Shemeji, ghala jeupe. Mimi nimeletewa karatasi ya kusaini.

Alhamisi, tarehe 7
Mvua. Tangu asubuhi, mvua! Wateja wamejaa dukani kwangu, wote wanajikinga. Mmoja aliuliza njia ya kwenda sokoni. Akarudi na mwavuli mpya kusubiria basi mlangoni kwangu.

Jumapili, tarehe 10
Shemeji ni meneja mkuu. Chakula kwa mama mkwe: yeye paja la kuku, mimi shingo. Akanishukuru mbele ya ukoo mzima kwa moyo wangu wa kutoa. Nilitabasamu mpaka taya likaniuma. Nina wivu, nakiri, na njaa.

Jumatatu, tarehe 11
Nimegundua siri! Mambo ya kufunga jumla ni porojo za karani. Siri ni mstari wa mwisho. Leo Shemeji ameagiza nigawe mabirika mia nne. Waraka wake mrefu sikuusoma, sina muda wa insha zake. Nimejiweka chini kabisa, nikaburuta. Yote yangu!

Mke wangu kapiga simu. Eti kaka yake kamwambia ni mabirika yaliyorudishwa na wateja kwa kuvuja, na kila duka litayatengeneza kwa gharama yake. Nimemwambia aache kumtetea ndugu yake.

Lori linarudi nyuma mlangoni sasa hivi. Nimewaamuru vijana watoe kila kitu nje, tupate nafasi.