Shada la Mahameli ya Heshima

Taifa lililopiga hatua haliwezi kuishi na mjusi anayeitwa kafiri. Kwa maneno hayo Kurugenzi ya Staha ya Majina ya Viumbe ilizinduliwa Kacyiru, jijini Kigali, ikapewa ghorofa nzima, mapazia mapya na mkurugenzi, Bwana Gratien, bingwa wa mimea yote iliyo kwenye makaratasi.

Kazi ilikwenda mbio, maana katika imihigo, ile ahadi ya kazi ambayo kila mkubwa huitia saini, aliahidi majina mapya mia mbili kabla ya Juni. Mjusi kafiri akawa Mjusi wa Imani Nyingine. Vunjajungu, mdudu wa watu ambaye hajavunja hata kikombe, akaitwa Mtunza Vyombo. Kifauongo, ule mmea unaojikunja ukiguswa, ukawa Mpumzikaji. Na upupu, wenye maganda ya manyoya ya dhahabu, ukapata jina tamu kuliko yote: Mahameli ya Heshima. Safu ya majina ya zamani Bwana Gratien hakuisoma kabisa. Alitia saini akiwa ameifunika kwa kiganja, kwa staha.

Swafiya hakuulizwa. Yeye ni binti wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, Kiswahili alikikuta kwa bibi yake, na kazi yake ilikuwa kuandika vibao katika bustani ya kurugenzi, huko Ndera. Waraka ulisema atakayetamka jina la zamani atapewa barua ya onyo. Ya tatu, aende nyumbani. Swafiya alikuwa nazo mbili. Ya kwanza aliipata mjusi alipoangukia chai ya karani, Swafiya akapiga kelele kwa jina lisilo rasmi. Ya pili aliipata alipoeleza ya kwanza ilikuwa ya nini.

Siku ya kufungua bustani, Bwana Gratien alisimama mbele ya Mahameli, akapendezwa.

"Madame Swafiya, hii iko mzuri sana. Nitengenezee shada ya shingo."

Swafiya akarudi nyuma hatua moja. Alimchukia, ndiyo, lakini si kiasi hicho.

"Bwana Diregiteri, hii ni Mahameli ya Heshima," alisema, akimkazia macho.

"Najua. Jina ni mimi nilitoa."

"Ni ya heshima sana, patron. Mimi siigusi."

"Unyenyekevu ni kitu nzuri," akasema, akachuma mwenyewe, akajivika, akajipangusia mashavuni ili wapiga picha waone ulaini wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mtu, wahenga hawakumwachia methali. Akapanda jukwaani.

Hotuba ilidumu sentensi moja na nusu. Kilichofuata wageni walidhani ni ngoma, wakampigia makofi hadi alipovua shati.

Kwenye zahanati, Daktari Umuhoza, aliyekulia Kampala, alishika kalamu.

"Umegusa nini, mzee?"

"Mahameli ya Heshima," alisema, akijikuna kwa mikono miwili.

"Hiyo iko kitambaa. Mimi nauliza mmea. Bila jina, dawa nitajua aje?"

Mkurugenzi akamgeukia Swafiya, aliyemsindikiza, machozi yanamtiririka. "Mwambie!"

"Siwezi, Bwana Diregiteri. Nina barua mbili."

"Nakuruhusu!"

"Ruhusa ya mdomo haitambuliki. Kifungu cha tisa."

"Lete karatasi!"

Swafiya akaileta. Kwa vidole vilivyovimba, Bwana Gratien aliandika kwamba waraka umefutwa, barua mbili zimefutwa, na kila kiumbe kirudi kwenye jina lake. Swafiya akasoma kuanzia juu, taratibu, akasahihisha tarehe.

"Na muhuri?"

"Muhuri iko Kacyiru!" akalia.

"Basi dereva aende. Hatukawii, ni foleni tu."

Akamvutia mkurugenzi kiti, akamnong'oneza kwa upole kwamba watu wanamtazama, na kujikuna hadharani hakuna staha.