Mpaka wa Muhogo

Fahmi wa Tibirinzi hakuwahi kuiba hata embe lililoanguka njiani. Kuiba, akisema, ni kazi ya mtu asiyejua kuzungumza. Yeye watu walimpa wenyewe, kwa mikono miwili, na juu ya hayo wengine wakamwombea dua.

Alhamisi moja alikuwa dukani akinunua vocha alipomsikia Bi Zuweina, mwenye mikarafuu yake na ulimi wake, akimlalamikia muuza duka.

"Hata Saada kafika Mombasa! Saada, anayetapika akiiona feri kwa mbali! Kenda asubuhi, kazungushwa miji ya kale, karudi jioni, na mapicha yake yamejaa simu za watu. Na mie nimekaa hapa kama kinu."

Halafu akashusha sauti, ile sauti ambayo watu wa Pemba wameirithi kwa babu zao maalumu kwa ajili ya neno moja.

"Na karafuu huko? Wasema bei yake ni nzuri kuliko ya hapa?"

Fahmi hakununua tena vocha. Msomaji asiyekijua kisiwa chetu aelewe jambo moja: karafuu ya Pemba ina mnunuzi wake mmoja, naye ni serikali, na kuivusha nje kwa siri ni magendo. Kwa hiyo hakuna Mpemba hata mmoja anayefanya jambo hilo, na hakuna Mpemba hata mmoja asiyejua linavyofanywa.

Na Fahmi alikuwa na haja ya karafuu kuliko mtu yeyote Chake Chake. Alimpenda Rahila. Katika maisha yake hilo ndilo lilikuwa jambo pekee ambalo hakulitungia uongo. Lakini Rahila alikuwa na baba, na baba mwenyewe ni Mzee Ridha, mnadi wa samaki sokoni, mtu aliyezoea kupandisha dau.

"Jumapili baada ya alasiri," Mzee Ridha alikuwa amemwambia. "Njoo na wazee wako na magunia mawili ya karafuu, nijue kuwa nkono wako waweza kushika kitu kikabaki. Hukuja, napokea posa ya Zahran. Ana duka la mabati. Bati halisemi uongo."

Kufikia magharibi, mji mzima wa Chake ulikuwa umesikia: Ziara ya Miji ya Kale, Gedi na Mombasa, kwa siku moja ya Jumamosi. Kwenda na kurudi bila pasipoti, kwani kiongozi ana "kibali cha ujirani mwema". Nauli ilikuwa ndogo hata ikatia aibu. Ila kila msafiri aliruhusiwa kuchukua mto wake wa kuegemea, na Fahmi alipolitamka hilo alikuwa akikonyeza jicho la kushoto.

Kazi ikabaki kutengeneza nchi ya Kenya. Fahmi akampigia simu Pandu, rafiki yake wa Gando, huko upande wa Wete, kisiwani humo humo, mahali ambapo kwa hesabu zake hakuna mtu wa Chake mwenye shughuli napo. Pandu alipewa koti la mlinzi wa skuli, meza na kofia. Bendera ilikuwa khanga yenye weusi, wekundu na kijani, iliyoandikwa "Wivu wako haunipunguzii riziki". Muhuri aliuchonga Fahmi mwenyewe, kwenye kipande cha muhogo. Alikusudia simba, akatoka paka mwenye njaa. Wino ulikuwa piko, ile wanayojipaka maharusi, ili muhuri wa nchi jirani usifutike kwa maji ya udhu.

"Watashuka na mito yao," Fahmi alimfundisha. "Weye utaikagua, utaona karafuu, utakasirika. Utawaambia jela. Mie n'tawaombea, nawe utawasamehe na kuwarudisha kwao. Mombasa hawaioni, mito inabaki, na nani atakwenda polisi kushitaki kuwa kanyang'anywa magendo?"

"Na wakinijua?"

"Pandu, ntu akishalipa nauli ya kwenda Kenya, anachokiona ni Kenya."

Hiyo ilikuwa ni elimu. Angetafutiwa chuo akaifundishe.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, boti ya faiba yenye mashine iliondoka bandari ya Wesha na nahodha wake na abiria saba, kila abiria na mto. Fahmi aliteremsha turubali pande zote kwa sababu ya "upepo wa kimataifa". Chini ya turubali palinuka karafuu mpaka macho yakalia, na kila msafiri alimtazama mwenzake kana kwamba ndiye anayenuka. Mwalimu Mbarouk, aliyestaafu baada ya kusomesha jiografia maisha yake yote, alikuwa na mto mkubwa kuliko godoro.

"Mgongo," akaeleza, ingawa hakuulizwa.

"Pole, Mwalimu," akasema Bi Zuweina. "Na mie shingo."

Faiba ikazunguka kisiwa cha Misali mara tatu, mpaka abiria wakasadiki kuwa bahari imevukwa, kisha ikawashusha Ras Mkumbuu, pua ya Chake hapo hapo, kwenye magofu ambayo wazungu wanapanda ndege mbili kuja kuyaona na sisi wenyewe tunayasikia redioni.

"Karibuni Gedi!" Fahmi alipaza sauti. "Mji wa kale wa Kenya! Huu msikiti wake, yale makaburi ya wakubwa, na hapa, jamaa zangu, hapa ndipo sultani alipokuwa akikaa kunyolewa ndevu kila Ijumaa."

Mwalimu Mbarouk, aliyewasomesha Ras Mkumbuu watoto wa kisiwa kizima bila kukanyaga mguu wake hapo, akapiga goti, akachukua udongo, akaunusa.

"Udongo wa Kenya huu," akatoa fatwa. "Mwekundu, mzito. Kwetu hatuna." Akayatazama magofu, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Na sie kwetu hatuna vitu kama hivi. Wenzetu wanajua kutunza."

Watu wakapiga picha. Fahmi akageuka upande wa bahari akauma ngumi, maana kicheko kilikuwa kinamtoka puani. Moyo wake ulimwambia kuwa Rahila ni wake.

Safari ikaendelea chini ya turubali hadi Gando, kwenye kijihori, mkono mdogo wa bahari uliofichwa na mikoko. Pandu alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, kofia imemfunika nyusi, khanga ikipepea.

"Karibuni Jamhuri ya Kenya," akasema kwa Kiswahili alichodhani kuwa cha Kikenya, yaani kile kile ila kwa ukali. "Mikono mbele!"

Mwalimu Mbarouk alisimama wima mbele ya khanga, akaweka mkono kifuani na kuisoma kaulimbiu ya taifa kwa heshima zote. Mmoja mmoja wakagongwa paka mkononi. Wote waliupuliza wino ukauke, wakafurahi kama watoto wa Idi.

Bi Zuweina ndiye aliyebaki nyuma. Alikuwa ameganda, anatazama kisima kilichokuwa hatua chache kutoka mezani, kisima cha mawe chenye mdomo wa duara uliomeguka upande mmoja. Alikitazama, akautazama mteremko wa mikarafuu juu yake, kisha akamtazama ofisa wa uhamiaji.

Fahmi angejua kuwa mdomo ule ulimegwa na Bi Zuweina mwenyewe, alipokuwa kitoto, kwa mchi wa bibi yake, asingemwachia asogee mezani. Lakini hakujua kuwa mteremko wote ule ulikuwa wa babu yake Bi Zuweina kabla mashamba hayajagawiwa watu baada ya Mapinduzi. Mjanja hujua mambo mengi, ila historia humpita.

"Ntoto mzuri," Bi Zuweina akamwambia ofisa. "Wa nani weye?"

Hapa ndipo nchi ya Kenya ilipoanza kuporomoka. Mpemba anaweza kudanganya umri, bei na hata dini akibanwa sana, lakini akiulizwa na bibi mtu mzima "wa nani weye", ulimi hujibu kabla kichwa hakijashauriwa.

"Wa Silima, bibi," akasema Pandu.

"Silima wa Mwanakhamis?"

"Ndiye huyo."

"Mwanakhamis yu hai?"

"Yu hai, bibi. Yuko jikoni, hapo juu."

Bi Zuweina akamshika mkono, akamvuta nyuma ya kisima. Fahmi hakusikia walichozungumza. Aliona tu kofia ya Jamhuri ikivuliwa, halafu ofisa akiinama na kuubusu mkono wa mkaguliwa, jambo lisilo la kawaida mipakani. Walipanda kule juu jikoni, wakakaa. Waliporudi, macho ya Bi Zuweina yalikuwa mekundu na sauti yake imenyooka.

Pandu akakaa kitini. Hakumtazama Fahmi.

"Mito hii," akasema, "inanuka karafuu. Ni ya nani?"

Kila mtu akaanza kutafuta kitu mawinguni.

"Ni ya kiongozi," akasema Bi Zuweina taratibu. "Alitupa tumshikie."

"Ndiyo! Ya kiongozi!" wakaitikia wote, na Mwalimu Mbarouk akiwatangulia kwa sauti. Mgongo ulikuwa umeshapona.

"Kiongozi anabaki," Pandu akatangaza. "Mzigo urudi ulikotoka. Wageni nendeni salama."

"Pandu!" Fahmi akanong'ona. "Una wazimu?"

"Ofisa," Pandu akamsahihisha.

Fahmi akafungua mdomo. Aseme nini? Akisema hii si Kenya, atakuwa amekiri kuwa amewatapeli watu saba walio karibu yake, na mmoja wao ana bakora. Akinyamaza, hii ni Kenya, na yeye ni mahabusu. Mwanamume aliyeishi kwa ulimi alisimama ufukweni, na ulimi ukamgomea kwa mara ya kwanza. Faiba ikaondoka na mito yote. Bi Zuweina akampungia mkono wenye paka.

"Tutakuombea, mwanangu!"

Ilipopotea nyuma ya mikoko, Fahmi akamrukia Pandu kooni.

"Umeniuza!"

"Niache! Yule kanyonya ziwa moja na baba yangu. Bibi yangu kawanyonyesha wote wawili, huku na huku. Ni shangazi yangu yule, Fahmi! N'tamkamata vipi shangazi yangu kwa bendera ya khanga?"

Fahmi alimwachia, kwa sababu hata tapeli ana shangazi.

Alipanda gari la abiria, na kabla ya isha alikuwa Chake. Akajipa moyo: magunia hayapo, lakini mdomo upo, atamwomba Mzee Ridha muda. Alipokaribia nyumba ya mzee huyo alikuta viatu vimejaa mlangoni na watu wameinua mikono. Walikuwa wanamwombea dua Fahmi, aliyefungwa Kenya.

"Amiin," akaitikia kwa mazoea, akaingia.

Mzee Ridha alimtazama kutoka juu hadi chini, kama samaki pono wa juzi.

"Umetokaje jela?"

"Sikufungwa, mzee wangu. Nilikuwa Gando."

"Gando!" Mwalimu Mbarouk alicheka hadi akakohoa. "Mie nimeunusa udongo kwa pua yangu! Kijana, nimesomesha jiografia!"

"Watu saba wamerudi kutoka Kenya," akasema Mzee Ridha, "na wote wana muhuri. Onyesha wako."

Fahmi akaunyoosha mkono wake. Ulikuwa mkavu na safi. Katika kutengeneza mpaka wote ule hakukumbuka kujigonga mwenyewe.

"Basi umetoroka. Mtoro wa jela simuozi binti yangu. Karafuu nimekusamehe, kwa kuwa umepata msiba. Lakini kesho alasiri uje na muhuri kama wenzako, uonekane umerudi kihalali. Hukuja, ni Zahran."

Pembeni, Bi Zuweina alikuwa akinywa kahawa, mkono wa paka ukiwa juu ya mkono mwingine. Fahmi alimtazama, akaelewa kuwa anajua fika Kenya ile ni Gando, na akajua pia kuwa hakuna hata mtu mmoja atakayemwamini akisema.

Alipotoka, Rahila alikuwa dirishani.

"Fahmi, hata uongo wako mwenyewe umekushinda?"

"Kesho, Rahila. Wallahi kesho."

"Mie nataka weye," akasema Rahila. "Lakini baba anataka paka."

Jumapili asubuhi alikuwa Gando. Alitegemea kumkuta Pandu amelala. Alikuta foleni. Watu wa Chake, wa Wete, mpaka bwana harusi mmoja na mkewe, walioshushwa kwa faiba zenye turubali, walikuwa wamepanga mstari hadi kisimani wakisubiri kuingia Kenya. Khanga ilikuwa imepigwa pasi. Pandu alikuwa na kiti kipya, na juu yake ubao: Ziara za Miji ya Kale, Bi Zuweina na Mpwawe.

"Pandu, ndugu yangu, nigonge haraka niondoke."

"Foleni, kaka. Ndivyo mpaka ulivyo."

Fahmi akasimama mwisho, nyuma ya mzee aliyemuuliza kama Mombasa kuna baridi. Jua lilipanda, mstari ukasogea. Alipokaribia meza adhuhuri iliadhiniwa, Pandu akafunga mpaka akaenda kusali, na alasiri ilikuwa inakaribia aliporudi na Fahmi akaweka mkono wake mbele.

"Madhumuni ya safari?" Pandu aliuliza.

"Kuoa, mjinga we! Gonga!"

Pandu akapapasa mezani. Akainua sahani ya piko, akatazama chini ya kiti. Halafu uso wake ukabadilika, akageukia jikoni.

"Bibi! Kile kipande cha muhogo kilichokuwa hapa?"

"Kiko chunguni," Bi Mwanakhamis alijibu kwa furaha. "Kilikuwa kinachafuka, nikakikwangua. Leo kuna wageni wengi, nimepika wa nazi. Nwambie huyo kijana akaribie, naona kachoka."

Huwezi kukataa chakula cha bibi wa miaka ile, hata ukiwa unachelewa posa yako. Fahmi alikalishwa mkekani, akanawishwa mikono, akawekewa sahani. Simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Rahila, picha tu bila neno: viatu vya wazee wa Zahran vimepangwa mlangoni kwa baba yake.

Aliirudisha simu mfukoni. Kisha akatazama sahani. Kwenye kipande cha juu, ndani ya tui zito, ulionekana mkia mwembamba na sikio moja la simba, alivyovichonga kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mwanangu," akasema Bi Mwanakhamis. "Au hukupenda?"

"Nimependa, bibi," akasema Fahmi. Lilikuwa neno la kweli, na lilimuuma kuliko uongo wote aliowahi kusema. Akaushika muhuri kwa vidole vitatu, akaula.