Kigae Ndani ya Fremu

Watu wengi hutembea mjini wakitazama chini, wakichelea mashimo. Injinia alitembea akitazama juu kama mcha Mungu, na alichokuwa akikitafuta ni madoa. Doa la maji chini ya ukingo wa paa lilimfurahisha kuliko barua ya mapenzi. Maana yake ni kwamba juu kuna paa bapa lenye sakafu ya vigae inayovuja, na chini kuna mwenye nyumba aliyechoka kutega ndoo.

Hakuwa injinia. Cheo hicho alikipata siku aliponunua kofia ngumu ya njano, koti jeupe na pimamaji, naye alikitunza kuliko wengi watunzavyo vyeo vyao vya halali. Alikuwa na dawa ya kuzuia kuvuja: chokaa iliyokorogwa na gundi ya karatasi, ikatiwa ndani ya kopo lenye lebo ya dhahabu na picha ya mamba. Aliipaka juu ya vigae kwa brashi pana, akapokea ujira, akaaga kwa heshima zote. Siri ya dawa hiyo ilikuwa moja, tena ya kitaalamu: aliipaka kiangazi. Hakuna paa livujalo kiangazi. Mvua za kwanza ziliponyesha na chokaa ikateremka ukutani kama maziwa, yeye alikuwa amekwisha kufika mji mwingine, akitazama juu.

"Watu hawanunui dawa," alizoea kujiambia. "Wananunua kopo."

Katika mji huu alikwisha kupaka mapaa saba, na mawingu yalikuwa hayako mbali. Alijua vyema kwamba mvua ikimkuta humo, wenye mapaa saba nao watamkuta. Busara ilimtaka afunge mkoba. Lakini siku hiyo, juu ya ukuta wa nyumba moja ya ghorofa mbili, aliona doa la kahawia lenye umbo la sikio, pana, lililokomaa, na busara ikanyamaza.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mkavu, aliyekuwa metroni wa bweni la wavulana kwa miaka thelathini na mmoja. Alistaafu kazi, hakustaafu tabia. Mtaa mzima ulimwita Metroni, na hata paka wa jirani alipita mbele ya mlango wake kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Futa viatu."

Injinia akafuta. "Nilikuwa napita tu, mama yangu, nikaona ukuta wako unalia."

"Ukuta haulii. Paa linavuja. Sema jambo kwa jina lake."

Akampandisha hadi chumba cha juu. Humo mlikuwa na kitanda kikubwa, kitanda kidogo kipya cha mtoto ambacho bado kilinuka vanishi, na ndoo tatu zilizosubiri kazi. Dari ilikuwa imevimba na rangi imebambuka.

"Binti yangu amejifungua," alisema Metroni. "Mwisho wa mwezi anakuja kukaa nami, na chumba nilicho nacho ni hiki. Sitamlaza mjukuu wangu chini ya dari inayomtemea mate. Mafundi watatu wamekuja, wote wamesema neno moja: vigae ving'olewe, na saruji iliyo chini yake ivunjwe mpaka zege tupu, ndipo karatasi ya lami itandazwe. Kutandaza ni kazi ya siku mbili, na fundi wangu yuko tayari. Lakini kuvunja, na kuteremsha kifusi ngazi arobaini na mbili! Hapo kila mmoja akakumbuka msiba wa kwao."

"Umebahatika, mama. Mimi ninayo dawa ambayo—"

Hapo walikuwa wamerudi sebuleni, na Injinia akasahau dawa yake.

Ukutani, mkabala na kiti cha kichwani mwa meza ya chakula, palitundikwa fremu ya dhahabu yenye kioo. Ndani ya fremu hamkuwa na picha ya harusi wala ya mtu mashuhuri. Mlikuwa na kigae kimoja cha sakafu, cheupe, chenye nyota ya buluu, kimemeguka pembe.

"Na hiki, mama?" aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

Metroni alikitazama kigae, kisha akamtazama yeye machoni. Aliyajua macho hayo. Kwa miaka thelathini na mmoja aliyaona kwa wavulana waliopita mbele ya stoo ya sukari.

"Hicho kilitoka juu," alisema. "Hakiuzwi."

Hakuongeza neno.

Wakapanda hadi juu ya paa. Nyota za buluu zilitandaa mbele yake toka ukingo hadi ukingo, zaidi ya mia nne. Ikiwa kimoja kilichomeguka kinastahili fremu ya dhahabu, je, mia nne vizima? Aliliona tayari duka la vitu vya kale, na mwenye duka akivifuta vumbi kwa leso. Yule mtu aliyeishi kwa kuwauzia watu kopo alisimama mbele ya kopo la mwenzake, naye asilitambue. Ndivyo walivyo vinyozi: vichwa vya wengine hung'aa, vyao vina nywele.

Akapiga goti. Akagonga kigae kwa kifundo cha kidole, akategea sikio kama daktari, akatikisa kichwa.

"Mama, nitakwambia kweli, japo itanikosesha kuuza dawa. Vigae hivi vimeoza."

"Vigae huoza?"

"Kwa ndani, mama. Kwa nje unaona nyota, kwa ndani ni maradhi matupu. Hata dawa yangu haiwezi kuokoa maiti. Ila nimeingiwa na huruma. Nitakuondolea. Bure."

"Bure?"

"Mimi nami nina mama kama wewe." Kwamba alikuwa na mama ni kweli; lakini angalikuwa kama huyu, hadithi hii isingalikuwapo.

"Kwa hiyo ni taka?"

"Taka tupu! Hata banda la kuku ungelionea aibu."

"Vyema," alisema Metroni. "Taka haichaguliwi, mwanangu. Utaondoa vigae, na saruji iliyovishika, mpaka zege lionekane. Kifusi utakiteremsha chote na kukimwaga katika mashimo ya kichochoro, yatakayopata faida. Usipomaliza, hutoki na kigae hata kimoja."

Injinia alizihesabu ngazi kichwani. Lakini mbele yake nyota mia nne zilimkonyeza.

Metroni akaleta daftari la mistari, akayaandika masharti yote kwa mwandiko ulionyooka. Injinia akatia saini ndefu yenye mikia miwili.

Angeweza kuajiri vibarua, lakini vibarua wana macho, na macho hudai mgao. Akaazima tindo, nyundo, sururu na karai, akaanza peke yake. Mtu aliyekuwa hajawahi kuinua kitu kizito kuliko brashi aligundua mambo mengi siku ya kwanza. Aligundua kwamba kigae hakitoki kwa kubembelezwa. Aligundua kwamba mtu aliyekitandaza hakufanya choyo ya saruji, isipokuwa pale ilipohitajika. Kufikia saa sita viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Kufikia saa kumi malengelenge yalikuwa yamepasuka.

Metroni alikaa juu ya kiti cha kamba, chini ya mwavuli mweusi, na daftari mapajani.

"Pembe ile."

"Mama, pale hakuna kigae. Ni saruji tu."

"Saruji iliyoshika maiti. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema vigae ndivyo—"

"'Maradhi matupu.' Nimeyaandika. Nikusomee?"

Injinia akavunja pembe ile.

Siku ya nne aliacha koti jeupe nyumbani. Siku ya tano kofia ya njano ilipasuka, kwa kuwa haikuwahi kutengenezwa ili kitu kiiangukie. Siku ya sita akajikuta anajua, pasipo kufundishwa na mtu, mahali hasa pa kulaza tindo ili kigae kinyanyuke kizima. Na la kushangaza zaidi, alikasirika kikweli alipokivunja kimoja kwa uzembe. Kila jioni aliteremka ngazi arobaini na mbili na karai kichwani, akivilaani vigae kwa mdomo na kuvibusu kwa moyo. Majirani walisimama madirishani.

"Yule bwana ni nani?" mmoja aliuliza.

"Mvunja zege," Metroni alijibu. "Hodari."

Siku ya tisa zege lilikuwa tupu, limefagiwa. Metroni alipitisha kidole sakafuni, akakitazama, akafunga daftari. Injinia akavifunga vigae vyake kwa magazeti kimoja kimoja kama mayai, akavipakia juu ya mkokoteni wa kukodi, akausukuma kuelekea duka la vitu vya kale huku akipiga mbinja. Nyuma yake, fundi mwashi alikuwa anapanda ngazi na mzigo wa karatasi ya lami begani.

Mwenye duka alifungua gazeti la kwanza. Akafungua la pili. Akavua miwani.

"Unavijua?" Injinia aliuliza, akinyoosha shingo.

"Mno. Choo cha soko kimesakafiwa kwa hivi. Cha wanaume na cha wanawake."

"Ndugu yangu, hebu tazama vizuri! Mimi nimeona kimoja kimetiwa fremu ya dhahabu!"

"Basi," alisema mwenye duka, "niletee fremu."

Siku tatu Injinia alizunguka na mkokoteni, duka kwa duka, akipunguza bei mpaka ikafika mahali ambapo alikuwa anawabembeleza watu wavipokee. Alfajiri ya siku ya nne mawingu yakapasuka. Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa. Katika nyumba saba za mji huo maziwa yalianza kuteremka ukutani. Na mchana, mtu mmoja aliyelowa mpaka kwenye mifupa, akisukuma mzigo wa nyota, aligeuza mkokoteni akaelekea kwa Metroni, hasira zikimchemka kama birika.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Futa viatu," alinong'ona Metroni. "Na sauti uiache nje. Mtoto amelala."

Sasa, kugomba ni kazi inayotaka mapafu. Injinia alikuwa ameandaa maneno ya kutetemesha madirisha, akalazimika kuyatoa kama mtu anayeungama.

"Umenidanganya!" alinong'ona.

"Neno gani nililolisema lisilo kweli?"

Akalitafuta. Alilitafuta toka siku ya kwanza hadi ya tisa, asilione. Yote yaliyokuwa ya uongo aliyasema yeye, tena yalikuwa na saini yake yenye mikia miwili.

"Kigae kile! Fremu ile!"

"Ah, fremu." Metroni alikitazama kigae ukutani. "Marehemu mume wangu alikuwa karani wa posta. Akasema kutandaza vigae ni kama kubandika stempu, ni kazi isiyohitaji fundi. Mvua ya kwanza ikavuja juu ya mto wangu, chini ya kigae hichohicho. Akabisha. Akasema ni jasho la nyumba. Nikaking'oa, nikakitia fremu, nikakitundika mbele ya kiti chake akitazame kila alapo. Alikula mbele yake miaka kumi na tisa, Mungu amrehemu, na alikufa hajakiri."

"Uliniona nakitamani, ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Ningekuzuiaje kunisaidia?"

Injinia alifungua mdomo. Kutoka juu kikasikika kikohozi kidogo cha mtoto, akaufunga. Wote wawili waliinua macho. Mvua iliupiga mji kwa ngumi, lakini ndani mlikuwa kimya. Kwa mazoea ya miaka mingi Injinia aliitazama dari, akatafuta doa, asilipate. Ikamjia polepole kwamba hajawahi hata siku moja kusimama chini ya paa aliloligusa yeye huku mvua inanyesha. Hakujua mtu hutakiwa afanye nini mahali kama hapo. Akavua kofia iliyopasuka.

"Asubuhi walikuja watu saba," alisema Metroni.

Kofia ikamponyoka.

"Wanamtafuta tapeli mmoja mwenye koti jeupe na viganja laini kama vya bwana harusi. Mmoja alikuwa na rungu."

"Ukawaambia nini, mama yangu?"

"Ukweli. Nimewahi kusema kitu kingine? Niliwaambia juu ya paa langu alikuwapo mtu aliyevunja saruji siku tisa peke yake, akateremsha kifusi chote ngazi arobaini na mbili, akafagia. Wakatazamana. Wakasema: huyo siye." Akanyoosha mkono. "Hebu lete viganja."

Injinia akavileta kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Vilikuwa vyeusi, vigumu, vimepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Siye," Metroni alikubali. "Na mzigo ulio mlangoni pangu ni nini?"

Injinia aligeuka akautazama mkokoteni wake, nyota zikioshwa na mvua.

"Taka, mama," alisema.

"Vizuri. Sasa unasema jambo kwa jina lake." Metroni akaketi, akamwonyesha kiti cha kichwani mwa meza. "Keti unywe chai. Mdogo wangu ana nyumba upande wa pili wa mji, ambako hao saba hawafiki. Paa lake ni la vigae, nalo linavuja. Anatafuta mvunja zege, na safari hii kuna ujira."

Injinia aliketi. Mbele ya uso wake, ndani ya dhahabu, nyota ya buluu iliyomeguka ilimtazama. Shaka ikamwingia, ndogo, baridi, kama tone kati ya mabega.

"Mama, vigae vya mdogo wako alivitandaza nani?"

"Shemeji yake. Mume wangu."

Injinia akafumba macho. "Naye amekitia fremu kimoja?"

"Viwili," alinong'ona Metroni, akimsogezea kikombe. "Mimi nilikuwa mke tu. Yeye alimlipa."