Diski ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe, mkunga mstaafu, anatimiza miaka sabini Jumapili. Anataka kuwasomea wageni kitabu chake cha watoto aliowazalisha. Kimo kwenye diski moja laini ya ile kompyuta yake ya zamani. Nakala nyingine hakuna. Shemeji, fundi redio, akafungua mdomo ajitolee. Nikamwahi! Niachieni mimi, nikasema. Mke wangu akauliza kompyuta nimejifunzia wapi. Hanijui huyu.

Jumanne, 4 Machi
Faili linaitwa KAZI. Jina gani hilo? Nikaamua kulibadilishia jina, liwe la heshima. Mashine ikagoma: diski imezuiwa kuandikwa. Nikachunguza. Ukingoni kuna pengo dogo, limezibwa kwa kibandiko. Nikakibandua. Nani kama mimi? Nikafuata kijitabu cha maelekezo, nikaruka mstari mmoja. Diski ikazunguka, ikakoroma. Orodha ya mafaili: tupu. KAZI hakuna!

Jumatano, 5 Machi
Nimewasha tena: orodha bado tupu. Lakini sikati tamaa. Nimemwandikia mama mkwe barua kwenye mashine hiyohiyo: eti shemeji kaingia kwa wivu, kafuta. Kurasa mbili, tamu kweli. Nikaihifadhi kwenye diski. Si nafasi ipo tele sasa?

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaja bila taarifa! Nikaifuta barua kabla hajavua viatu. Nikamwambia umeme ulikatika, faili likapotea. Akacheka. Halijapotea, akasema. Diski ina mizunguko, kila mzunguko una vipande, na faili huandikwa humo kipande kwa kipande. Kando kuna orodha ya majina. Ukifuta, linaloondoka ni jina tu. Maandishi yanabaki palepale hadi mengine yaandikwe juu yake. Je, nimeandika chochote? Nikaapa sijaandika. Basi atavuta kila kipande na kuchapa moja kwa moja, muda wa kusoma hana. Nikaomba kuzipitia kurasa. Kakataa.

Jumapili, 9 Machi
Ukumbi umejaa. Nusu ya wageni ni watoto aliowazalisha, sasa wana ndevu. Mama mkwe akavaa miwani, akasoma. Watu wakafuta machozi. Akafika kwa mapacha: "Wa kwanza akalia. Nikanyoosha mikono kumpokea wa pili, naye... mama mkwe mpendwa, mimi sina hatia, aliyefuta ni shemeji, wivu umemjaa mpaka masikioni."
Kisha jitu moja likasimama nyuma. "Bibi, pacha wa pili ndiye mimi. Sijafuta kitu!"
Watu hawana mbavu. Mama mkwe hakucheka. Akaweka karatasi chini, akasimulia kuzaliwa kwa jitu lile kwa kichwa, neno kwa neno.
Baadaye akaniita uani. "Mwanangu, hizo kurasa mbili bado nazikumbuka. Ungefuta zile nilizozisahau, je?"
Nikarudi ukumbini. Shemeji hata hakunitazama.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa la kibandiko: kingegundishwa vizuri, kisingebanduka. Jirani yetu mjane ana mkanda wa filamu wa picha za arusi yake, umeingia ukungu. Alitaka kuupeleka kwa mtaalamu. Nimemwambia mtaalamu ni mimi. Nimeuloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua. Uchafu uliotoka! Sasa unang'aa kama kioo, unaona mpaka upande wa pili.