Faili Jekundu Kwapani

Jumapili, tarehe 2 Juni

Nimenunua daftari hili ili wajukuu wangu waje wasome jinsi babu yao alivyopanda cheo. Wajukuu bado. Hata watoto wenyewe wako shule ya msingi. Lakini mtu hujiandaa.

Hali ilivyo: mkuu wa masjala yetu amestaafu. Kiti chake kiko wazi. Kiti cha kuzunguka, kando ya dirisha, ndani ya chumba chenye mlango. Mlango! Miaka kumi na moja nimekaa koridoni kati ya makabati ya chuma, napokea mafaili ya Idara ya Maji, nayapa namba, nayarudisha yalikotoka. Miaka kumi na moja upepo wa korido unanipiga shingoni. Alhamisi saa kumi jioni jina la mkuu mpya liwe limefika makao makuu. Anayependekeza ni Mkurugenzi wetu, mama mmoja mkali lakini mwenye haki. Wanaofaa ni wawili: mimi na mwenzangu ambaye ofisi nzima inamwita Bi Taratibu.

Bi Taratibu hanitishi. Ukimwomba faili, hanyanyuki. Kwanza anatazama dari. Anaitazama weee, kisha ndiyo anakwenda kabatini na kurudi nalo. Dari ina nini? Uvivu tu.

Ila nami nina kasoro moja: sionekani. Nafanya kazi nikiwa nimekaa. Mkurugenzi akipita anaona kisogo. Leo mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, kaniambia wateja wake huangalia pindo la nje tu, hakuna anayegeuza suruali ndani. Yeye alikuwa anazungumzia suruali. Mimi nikapata mpango.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mpango umeanza. Una sehemu tatu.

Ya kwanza ni mwendo. Haraka, kichwa mbele, kama mtu anayesubiriwa mahali. Ya pili ni faili kwapani. Nimechagua zuri kuliko yote yaliyokuwa asubuhi kwenye trei ya yaliyokwisha kupewa namba: jekundu, jipya, lina utepe mweupe, na juu limeandikwa SIRI kwa herufi kubwa. Sikulifungua. Siri ni siri, na mimi si mmbea. Ya tatu ni miwani. Nimeazima ya mama mkwe, anayeishi nasi. Naandika nimeazima kwa kuwa nitairudisha. Yeye alikuwa amelala.

Matokeo: nimepita mbele ya mlango wa Mkurugenzi mara kumi na nne. Mara ya tisa alinyanyua kichwa. Mara ya kumi na mbili akasema, "Kazi njema." Kwangu! Nikaitikia kwa sauti ya mtu aliyeelemewa na majukumu. Kwa sababu ya miwani niliuitikia mtungi wa maji ya kunywa, lakini nadhani haikujulikana.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe anatafuta miwani yake. Nikamsaidia kwa moyo wote. Nilinyanyua mito, nikapekua kabati, nikapiga magoti na kutazama chini ya kitanda. Kamwambia binti yake kwamba wakwe wa siku hizi hawako hivi. Nimefurahi sana kusikia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mambo yanakwenda vizuri mno!

Fundi mabomba aliyekuja kuziba uvujaji ameniona nikikata kona na faili langu. Akamwuliza mama wa usafi yule mkubwa ni nani. Kisha akanipa shikamoo. Mtu mzima, mwenye mvi kunizidi! Nikaitikia marahaba bila kusita. Kichwa kimevimba kidogo, nakiri.

Jioni nimegundua kitu. Kadiri ninavyotembea, ndivyo watu wanavyonipisha. Hakuna anayeniuliza naenda wapi. Katibu muhtasi amenifungulia mlango wa chumba cha mikutano, nikaingia, nikazunguka meza tupu, nikatoka. Akaniuliza kama yote yako sawa. Nikamwambia tunaendelea kufuatilia.

Mafaili yangu mezani yamerundikana kidogo. Bi Taratibu ameyachukua na kuyapa namba yeye, bila neno. Maskini, hajui dunia inavyokwenda. Alilitazama faili langu, akafungua mdomo, akafunga. Wivu huo. Naufahamu nikiuona.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kizaazaa! Katibu muhtasi kaingia masjala anahema. Faili la uteuzi wa mkuu mpya limepotea. Mkurugenzi alilituma kwetu Jumatatu asubuhi likapewe namba, halijarudi hadi leo, na kesho saa kumi ndiyo mwisho. Ni faili la siri, jekundu.

Wengine walishika vichwa. Mimi niliona mlango, kiti, dirisha. Nikajitolea mbele ya Mkurugenzi kuongoza msako. Akakubali! Nikagawa kazi papo hapo, nikiwaelekeza watu kwa faili langu: wewe kabati la kwanza, wewe chini ya meza, mama wa usafi amwage mapipa yote ya taka. Nilitia fora. Mama wa usafi alilalamika kwamba sakafu alikuwa amemaliza kuipiga deki. Nikamwambia kazi ya taifa haijali sakafu.

Mafaili mekundu nimeyashughulikia mwenyewe. Kwa mujibu wa rejesta yako arobaini. Nimehesabu, nikapata thelathini na tisa. Nikabana faili langu vizuri kwapani, nikarudia. Thelathini na tisa. Mara ya tatu, vilevile. Nikampelekea Mkurugenzi taarifa rasmi kwamba faili moja jekundu halipo. Akasema hilo walilijua tangu asubuhi. Lakini aliniangalia kwa muda mrefu, na hicho ndicho ninachokitaka.

Akaniuliza nadhani limekwenda wapi. Sikumtaja mtu, sina tabia hiyo. Nilisema tu kwamba kuna wafanyakazi ambao saa za kazi wanatazama dari.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Faili halikuonekana. Nimewaongoza hadi stoo ya mabomba, hadi juu ya makabati ambako tumepata kiatu kimoja cha kike na redio mbovu. Faili hakuna.

Saa tisa Mkurugenzi akaamua kuandika pendekezo upya. Tatizo ni kwamba viambatisho vyote vilikuwa ndani ya lile lililopotea: tarehe za ajira, namba za barua za makao makuu, taarifa za miaka yote. Akamwita Bi Taratibu. Nimeyaona haya kwa vipande vipande, kila nilipopita mlangoni. Mara ya kwanza Bi Taratibu anatazama dari. Mara ya pili anataja namba, Mkurugenzi anaandika. Mara ya tatu anataja tarehe ya barua ya miaka sita iliyopita, na kabati ilimo, na rafu. Mara ya nne Mkurugenzi ameweka kalamu chini na anamtazama yeye.

Niliongeza mwendo. Nilitaka nimpitie machoni wakati anaandika jina.

Baadaye mama wa usafi kaniambia Mkurugenzi aliagiza niitwe mara mbili, na mara mbili nikakosekana mezani. Si ajabu, nilikuwa napita mlangoni kwake.

Saa kumi kasoro dakika kumi barua imeondoka kwa pikipiki. Roho yangu imetulia kabisa. Nimemwambia mke wangu aanze kufikiria pazia la lile dirisha. Akaniuliza dirisha lina upana gani. Nikampa vipimo. Nilishavichukua mwezi uliopita.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Bi Taratibu.

Naandika tena ili niamini. Bi Taratibu ndiye mkuu wa masjala.

Nikajikaza kiume. Nikaenda kumpongeza chumbani kwake, nikafungua ule mlango kwa mkono wangu mwenyewe, faili kwapani. Akanishukuru kwa upole. Kisha akasema, "Kaka, na hilo faili sasa si ulirudishe tu?"

Nikamwuliza faili gani.

"Hilo."

Nililitazama. Nilikuwa nimelizoea kiasi kwamba nililiona kama mkono wangu. Namba arobaini.

Naandika alichosema bila kupunguza. Kwamba aliiona namba tangu Jumanne. Alitaka kuniuliza, akasita, kwa kuwa jinsi nilivyotembea nalo alidhani Mkurugenzi mwenyewe kanikabidhi nilitunze mbali na watu. Msako ulipoanza akadhani ni mtego wa kumnasa mwizi na kwamba mimi nimo ndani ya mpango. Hakuna mtu, kasema, anayeongoza msako wa kitu huku kakishika. Katibu muhtasi aliliona pia, akafikiri hivyo hivyo. Nikapelekwa kwa Mkurugenzi. Na yeye aliliona! Jumatano, mbele yake, nilimwonyesha nalo mama wa usafi mapipa ya taka ya kumwaga. Akadhani ni jingine.

Ofisi nzima imeliona. Hakuna aliyeliona.

Mkurugenzi akafungua utepe, akasoma, akaufunika uso. Kisha akanigeuzia nisome. Barua ya mkono wake, ya Ijumaa ya wiki iliyopita, imebakisha sahihi tu: anapendekeza jina langu. Langu! Na sababu: "Ni mtulivu, hana mbwembwe, na wakati wowote ukimtaka utamkuta mezani pake."

Nililazimika kukaa. Iliniuma. Sitaki wajukuu wadhani haikuniuma. Nikatazama dirisha la Mkurugenzi ili nisimtazame yeye. Ningekaa tu. Wiki nzima ningekaa tu kwenye kiti changu kama miaka yote, na leo ningekuwa na mlango.

Nikamwuliza kama haiwezekani kubadilisha. Akasema kwanza barua imeshajibiwa, na pili, hata kama ingewezekana, baada ya jana asingebadilisha. Alinifokea kidogo. Katikati ya kufoka akakumbuka mafaili thelathini na tisa, akaanza kucheka. Akarudi kufoka. Akashindwa. Nimetoka na onyo la mdomo na agizo la kumsaidia mama wa usafi kurudisha taka zote mapipani.

Nyumbani nikaeleza. Mke wangu kacheka hadi akakalia kitambaa chenye pini, akaruka, akaendelea kucheka amesimama. Hapohapo miwani ikachomoza mfukoni mwangu. Mama mkwe akanyoosha mkono, akaipokea, akaivaa, akanitazama tangu kichwani hadi miguuni.

Baada ya chakula mke wangu kaniomba nimtajie tena maneno ya ile barua. Nikamtajia. Kamrudia mama yake neno kwa neno, mtulivu, hana mbwembwe, na sauti haikuwa ya kunicheka tena. Akasema, "Kumbe walikuwa wanakuona, baba watoto. Miaka yote hiyo ukiwa umekaa." Nilijisikia vizuri sana. Nimekula tena.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimetafakari Jumamosi na Jumapili, na nimelipata kosa. Mke wangu anadhani kosa ni kutembea. Hapana. Kosa ni kubeba! Mtu mwenye faili kwapani anaonekana ametumwa. Mkubwa habebi kitu. Mtazame Mkurugenzi: mikono mitupu, hatua fupi, hana haraka na mtu.

Na nafasi zipo. Naibu Mkurugenzi anastaafu mwakani.

Kwa hiyo leo nimeingia na mpango mpya. Mikono nyuma. Mwendo wa kunyata. Kila baada ya hatua chache nasimama, navuta pumzi ndefu, natazama mbali, kama mtu anayewaza mustakabali wa idara. Nimeipita korido yote mara mbili.

Matokeo yamenishangaza hata mimi. Bi Taratibu katoka chumbani kwake, mbio! Bi Taratibu, mbio! Akaniuliza mgongo umeanza lini. Akanishika kiwiko, akaniketisha kwenye kile kiti cha kuzunguka chenyewe. Nimekizungusha kidogo. Mkurugenzi kaitwa, kaniangalia, katikisa kichwa kwa huruma, kaagiza niende nyumbani nikapumzike hadi Jumatano. Saa nne asubuhi! Katika miaka kumi na moja sijaona mtu wa masjala akiruhusiwa kuondoka saa nne asubuhi bila hata kuomba. Wakubwa tu ndio huondoka saa hiyo. Katibu muhtasi kanifungulia mlango, mama wa usafi kanisindikiza hadi barabarani, na nilipogeuka wote walikuwa madirishani wananitazama.

Siku ya kwanza tu! Njiani nimepita dukani, nikajichagulia fimbo ya kutembelea.