Ugomvi wa Saa Nne Kwa Nasimiyu

Habari ilifika kwa Nasimiyu kabla maziwa hayajachemka, na aliyeileta ni Bando. Kanisani anaitwa Tonny na kazi yake ni bodaboda hapa Kitale, ila wenzake walimpa jina la Bando kwa sababu hata siku pikipiki imekauka petroli, simu yake haikosi intaneti.

"Wazee, tumeingia mtandaoni!" alisema kabla hajavua helmeti. "Kuna hii watu ya kutembea-tembea, wanaambiana ukifika hii sehemu yetu ukunywe wapi. Wametaja mahali kumi na mbili. Baa, klabu, hoteli. Namba saba ni hapa."

"Hapa wapi?" Nasimiyu aliuliza, mwiko mkononi.

"Hapa kwako, mathe. Hata picha iko. Hata huyo paka yuko."

Hoteli yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la vyuma la Lalit: benchi mbili, meza iliyowekewa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, na vikombe ambavyo huwezi kupata viwili vilivyozaliwa tumbo moja. Lalit mwenyewe alikuwa amekaa pale na chai yake. Duka lilianza na babu yake, yeye kazaliwa Kitale, na Kibukusu anakisema kuwashinda vijana wa Bungoma. Wazee walimwita Misumari.

"Anza na namba moja," alisema Misumari. "Tujue tuko na nani darasani."

"Namba moja ni klabu ya zamani ya walowezi. Iko na mahali pa kuota moto na kichwa cha nyati kwa ukuta. Ati ukikaa chini ya yule nyati unasikia historia ikipumua."

Misumari alicheka mpaka chai ikamruka suruali. "Hiyo historia mimi naijua! Babu yangu ndiye aliuzia hao watu msumari wa kutundika hicho kichwa. Aliupeleka kwa miguu, wakaupokea kwa dirisha la jikoni. Miaka yote hiyo hakuruhusiwa kuingia. Nyati aliingia siku ya kwanza."

"Nyati alikuwa na cheo, bana," alisema Kizito, mmoja wa wazee wawili wa benchi la pili.

"Namba tatu ni Bungoma," Bando aliendelea. "Baa fulani, kaunta yote imezungushiwa wavu wa chuma. Wanasema ni ufundi wa kienyeji, unampa mnywaji hisia ya siri."

"Ufundi!" Kizito akapiga paja. "Hiyo wavu iliwekwa juu ya mpira! Timu yao ilifungwa goli tano, chupa zikaanza kuruka. Mwenye baa aliponea ndani ya friji. Friji, jamani! Alikaa humo saa nzima, akatoka baridi kuliko soda."

Wakoli, mwenzake wa benchi, akaweka kikombe chini polepole. "Saa nzima? Mwaka jana ulisema dakika kumi. Na zilikuwa goli nne. Ilikuwa Jumanne, ulikuwa na ile sweta yako ya kijani iliyotoboka kiwiko."

Hivyo ndivyo walivyokuwa hao wawili. Wakoli, mwalimu mstaafu wa Saboti, aliitwa Hansadi, maana kama kile kitabu cha bunge, kichwa chake hakikusahau nani alisema nini wala siku gani. Yeye na Kizito waliitana bakoki, kwa kuwa walitahiriwa mwaka mmoja, na bakoki ana ruhusa ya kukutukana asubuhi na jioni usikasirike. Kizito naye walimwita Maiki, yaani kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuongoza mazishi, kutoka Saboti mpaka Kabuchai, na watu walisema marehemu asiyezikwa na Maiki ameondoka bila kuaga.

"Sasa sikieni yetu," Bando alisema, akasoma kwa sauti ya mtangazaji. "'Chai ina moshi wa magunzi ndani yake. Usiagize kitu, mama atakuangalia na kuamua unachohitaji. Lakini usikose wazee wawili ambao hugombana kila siku saa nne asubuhi. Ndio ugomvi bora kabisa upande huu wa Mlima Elgon.'"

Kizito na Wakoli wakatazamana.

"Wazee gani hao?" aliuliza Kizito.

"Si sisi," alisema Wakoli. "Sisi hatugombani."

"Kabisa. Hatujawahi."

"Ulisema hivyo hivyo mwezi wa tatu, halafu ukanimwagia maji."

"Nani alimwaga maji? Wewe ndiye ulisukuma meza!"

"Meza ina tofali, Kizito! Haisukumiki!"

"Saa ngapi?" aliuliza Misumari.

Bando alitazama simu. "Nne na dakika mbili."

Nasimiyu hakucheka. Alikuwa amekunja mikono juu ya aproni. Sasa alielewa kwa nini msichana mmoja wa Nairobi, anaitwa Ivy, alimpigia jana akiuliza kama Jumamosi wazee watakuwako. "Nilidhani ni mjukuu wa mtu," alisema. "Anakuja na marafiki wake wawili. Sasa nisikieni vizuri, nyinyi wawili. Miaka kumi na minane mmekaa hapa na kikombe kimoja mpaka saa sita, sijawafukuza. Jumamosi msiniaibishe. Mgombane kama watu."

"Nimeshaongoza mazishi ya watu elfu mbili," alisema Kizito. "Wageni watatu watanishinda?"

Lakini Wakoli alirudi Saboti siku hiyo moyo ukiwa mzito. Ugomvi wao yeye aliujua kazi yake. Waligombana juu ya mbolea, juu ya goli nne na goli tano, juu ya nani alimwaga maji, ili wasifike kwenye neno moja. Miaka miwili iliyopita alimzika mkewe Nasambu, na Kizito, bakoki wake, mzishi wa nchi nzima, hakuja. Hakutuma hata mtu. Wiki iliyofuata alirudi kwenye benchi, akaagiza chai, akaanza habari za mahindi, na Wakoli akajibu habari za mahindi. Hajamuuliza tangu hapo. Aliogopa jibu, kwa sababu jibu baya lingemnyima benchi, na nyumbani hakuna tena wa kuongea naye ila ng'ombe.

Jumamosi Nasimiyu alitandika kitambaa cha meza chenye maua. Alitaka pia kuondoa lile tofali, Bando akamshika mkono: "Mathe, hilo tofali ndilo linawaleta!" Saa nne kasoro wageni wakaingia, Ivy na wenzake wawili, viatu vya kupanda mlima na simu mkononi.

"Niaje, wazee!"

"Karibuni, watoto wetu."

Nasimiyu aliwaangalia mmoja mmoja, akaamua chai ya tangawizi kwa wawili na uji kwa yule mwembamba. Yule mwembamba alifurahi sana kuamuliwa. Kisha wote watatu wakageukia benchi, wakangoja.

"Umeamkaje, ndugu yangu Kizito?" Wakoli alianza.

"Vyema sana, mwalimu. Mahindi yako je?"

"Yanaendelea, asante. Kama yako tu."

"Ah, yako yamenishinda. Lazima nikubali."

Nasimiyu akaangusha sufuria makusudi. Misumari akaona moto unazimika, akaleta kuni: "Hansadi, si ni huyu alisema ng'ombe wako ni mbuzi aliyerefuka?"

"Alisema. Na ukimwangalia sana, kweli ni mdogo."

"Hapana, nilikosea," alisema Kizito. "Ni ng'ombe wa heshima."

Bando alivaa helmeti yake, akashusha kioo.

"Hii si ile kitu tulisoma," Ivy aliwanong'oneza wenzake, na ndani ya mabati hakuna mnong'ono. "Ama wikendi huwa hawagombani?"

Kizito alisikia. Mtu aliyezoea umati ukimlilia hawezi kuvumilia watu watatu wakipiga miayo. Alisimama, akavuta suruali juu, na ile sauti yake ya hema la mazishi ikatoka.

"Mabibi na mabwana! Huyu mnayemwona hapa ndiye baba wa uchoyo, Trans-Nzoia nzima! Ana ng'ombe watatu wa maziwa. Watatu! Lakini siku ya kumzika mke wake, waombolezaji walikunywa strungi! Chai kavu, jamani, nyeusi kama gamubuti, na ng'ombe wamesimama pale wakiangalia!"

Wageni wakacheka. Simu zikainuka. Nasimiyu, kule jikoni, aliziba mdomo kwa kitambaa.

Wakoli hakucheka. "Ulijuaje ilikuwa strungi?"

"Si watu wote wanajua?"

"Wanajua waliokuja."

Kizito alijaribu kutabasamu upande wa wageni. "Bakoki, hii ni mchezo tu..."

"Waliokuja wanajua hata kwa nini. Ng'ombe walikataa kukamuliwa. Walikuwa wamezoea mkono wa Nasambu. Nilijaribu mimi, akajaribu jirani, akaja mpaka daktari wa mifugo. Siku nne hawakutoa hata tone. Ungekuwako ungewaona. Wewe ulikuwa wapi?"

"Chwele."

"Najua ulikuwa Chwele. Ulikuwa unamzika mheshimiwa ambaye hata kumwamkia hujawahi. Hema kumi na mbili, maiki mbili. Kwangu kulikuwa na hema moja, nayo ilivuja. Watu wakaniuliza, Maiki yuko wapi? Nikasema yuko njiani. Mpaka wanafukia, mimi nasema yuko njiani."

Misumari alikuwa ameinamisha kichwa. Kizito alibaki amesimama, mikono inaning'inia, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya hema.

"Nilikuja," alisema. "Niliamka saa kumi, nikavaa suti. Nikafika pale darajani kwenu nikaona moshi wa kwako. Nikasimama hapo nikitafuta maneno ya Nasambu. Mimi nina maneno ya kila mtu, Wakoli, hata ya wezi. Huyo mama alinipakulia chakula miaka thelathini, na sikupata neno hata moja. Nikaona nitafika mbele ya watu nisimame kama mti. Halafu simu ya Chwele ikalia. Nikaenda mbio, kwa sababu mtu usiyemjua ni rahisi kumzika."

"Nani alikuomba maneno?" Wakoli alisema, na hapo yeye pia akashindwa kuizuia sauti yake. "Maneno yalikuwa mengi. Pasta mmoja peke yake aliongea kwa saa mbili. Mimi nilitaka tu mtu wa kukaa karibu yangu. Kiti kilikuwa wazi siku nzima, Kizito. Kila mtu akitaka kukaa namwambia kina mwenyewe."

Kizito akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akajifunika nayo uso. Mabega yakaanza kutikisika. Maziwa yalichemka yakamwagika motoni, na Nasimiyu hakwenda kuyaepua.

Ndipo makofi yakalia. Wageni walikuwa wamesimama wote watatu. Yule mwembamba alipiga mluzi.

"Wueh! Hii ni noma!" alisema mmoja. "Wazee wana-act kuliko watu wa TV!"

Ivy alisogea karibu kwa adabu, akachuchumaa mbele ya Wakoli jinsi mtoto mwenye malezi anavyofanya kwa mkubwa. "Pole kwa kusumbua, mzee. Simu yangu ilijaa hapo kwa ng'ombe kukataa. Mnaweza rudia kutoka hapo tu? Na huyu mzee wa kofia alie akiangalia mlangoni, huko ndiko kuna mwangaza."

Bando alipandisha kioo cha helmeti akiwa tayari kusema neno ambalo lingeifuta hoteli kwenye ile orodha. Wakoli akamnyamazisha kwa mkono. Hasira aliitafuta akaikosa. Msichana hakujua; na tena kama si yeye kuja, wangekuwa wanaongea mahindi hadi leo.

"Binti yangu," alisema, "hii haina marudio."

Akainuka, akamshika Kizito kiwiko. "Simama. Utalia vizuri nyumbani. Utapiga nduru pale langoni kama mtu aliyekosa mazishi, majirani wasikie, ndipo nikupikie."

"Nimekuja mikono mitupu," alisema Kizito ndani ya kofia.

"Tutapitia kuku njiani. Bando, washa hiyo kitu."

Wakatoka. Bando mbele, Kizito katikati, na Wakoli nyuma akiwa amemshika bakoki wake kiunoni asianguke, pikipiki ikalalamika mpaka ikapotea upande wa barabara ya Saboti. Ivy alibaki mlangoni na simu yake, akitazama lile benchi tupu, kisha akamgeukia Misumari.

"Kwani imeisha? Wanaenda wapi?"

Misumari alipangusa macho kwa kona ya kile kitambaa cha maua.

"Wanaenda mazishini," alisema. "Mmoja wao amechelewa miaka miwili."