Vidole Vitatu Juani

“Wino wa kura ni rangi tu, kama ya kalamu,” redio ilisema. “Na sasa, kuhusu vituo vya kata…”

Kemia, mtunza maabara ya shule, aliizima. “Siwezi kusikiliza ujinga asubuhi yote hii.”

Gundi, fundi viatu mwenye banda, hakujali redio. Jana, siku ya kura, yeye, Kemia na Kipara, kinyozi wa jirani, walishinda hapo wakicheza dama badala ya kwenda kupiga kura. Leo mama mkwe wake, mgombea udiwani, alikuwa anakuja kukagua kama vidole vyao vina wino.

“Akikuta cheupe, hata wanangu watakoma kuniita baba.”

“Si upake dawa ya viatu,” alisema Kipara.

“Mama yule kauza sabuni miaka ishirini. Atanisugua mpaka mfupa.”

Kemia alitoa kichupa mkobani. “Nitrati ya fedha. Ndiyo iliyomo kwenye wino wenyewe. Inashikana na chumvi ya jasho, inanata ngozini, jua likipiga inageuka nyeusi. Sabuni haitafua dafu.”

Gundi alichovya kidole kidogo cha kushoto. Wenzake nao wakachovya, maana mama huyo aliwajua wavivu wote wa mtaa. Wakaketi wamenyoosha vidole juani kama waanikao dagaa, wakicheka hadi machozi. Vikaiva, vyeusi tii.

Gari likasimama.

“Shikamoo mama,” alisema Gundi, kidole mbele.

“Marahaba, baba.” Uso wa mama ukachanua. “Wote watatu? Mungu awabariki. Nilikuja na gari kuwachukua. Jana foleni ilizidi, kituo chetu kimeongezewa muda leo hadi saa kumi, kwa wenye vidole vyeupe. Redio haijasema?”

Gari liliondoka tupu.

Gundi alijaribu sabuni, mafuta ya taa, kisha msasa wa soli. Kidole kikavimba, weusi ukabaki.

Kesho yake mama alipita kwa miguu, kanga begani.

“Nimeangushwa kwa kura mbili, mkwe wangu. Mbili tu. Laiti ningepata watu wengine watatu wenye moyo kama wenu.”

Alipokwisha kata kona, Gundi aliuliza polepole, “Kemia, ukucha unachukua muda gani kuota upya?”

“Miezi minne.”

Gundi akavaa kiatu cha mteja mkono wa kushoto, kidole kisionekane, akaendelea kushona hivyo hivyo.